Kutoka Pipa la Nyama Hadi Ulimini

Kabla ya majokofu, nyama ya nguruwe barani Ulaya ilihifadhiwa kwa chumvi. Wachinjaji wa Ujerumani, Ufaransa na Uingereza walijua kwamba chumvi ya kawaida peke yake huiacha nyama ikiwa ya kijivu, lakini ikiongezwa shura kidogo, ile ile iliyotengenezewa baruti, nyama hubaki nyekundu na haiharibiki upesi. Shura hiyo ilikwanguliwa kwenye kuta za mazizi na ghala za chini, mahali ambapo mkojo na samadi vilioza kwa muda mrefu. Baadaye ililetwa kwa meli kutoka Bihar, India, na katika karne ya 19 chumvi ya jamii hiyo ikaanza kuchimbwa kwa wingi katika jangwa la Atacama, Amerika Kusini. Wachinjaji wazoefu walikuwa na ujuzi mwingine. Hawakuyamwaga yote maji ya chumvi yaliyokwisha kuloweka nyama. Waliyachanganya na mapya, kwa sababu pipa lenye maji ya zamani lilifanya kazi vizuri kuliko lililoanza upya.

Mwaka 1891 mkemia Mjerumani Eduard Polenske aliyachunguza maji hayo. Pipa lilitiwa nitrati, yaani shura, lakini baada ya muda akakuta ndani yake nitriti, kitu ambacho hakuna aliyekitia. Alihitimisha kwamba bakteria waliomo ndio walioigeuza. Miaka 10 baadaye, mwaka 1901, mwanafiziolojia wa Uingereza John Scott Haldane alieleza hatua iliyobaki: nitriti ikiwa ndani ya nyama huzaa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, na gesi hiyo ikishikana na chembe zinazoipa damu rangi yake, nyama inapata wekundu wake wa kudumu. Nitrati, bakteria, nitriti, oksidi ya nitriki. Mlolongo wote ulikuwa umekwisha kuandikwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hakuna aliyewaza kwamba kazi ile ile inafanyika kutwa kucha kinywani mwa mlaji.

Si kwamba bakteria wa kinywani hawakujulikana. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, alikwangua utando mweupe ulioganda katikati ya meno yake, akauchanganya na maji ya mvua na kuutazama kwa lenzi aliyoisaga mwenyewe. Aliona viumbe hai visivyo na idadi, vingine vikienda kasi kama samaki, akawaandikia wanasayansi wa Royal Society mjini London. Maandishi yake yamejaa mshangao wa mtu aliyegundua ulimwengu mzima. Mshangao huo haukurithiwa. Mwaka 1890 daktari wa meno Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifundisha Berlin, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi asidi inayotolewa na bakteria inavyotoboa meno. Ilikuwa kazi kubwa na ya kweli. Waliokuja baada yake ndio waliovuka mpaka: mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wengi wa Uingereza na Marekani waliamini kwamba kinywa ni chimbuko la karibu kila ugonjwa, wakang'oa meno mazima ya watu wenye baridi yabisi na hata ya wagonjwa wa akili. Imani hiyo ilipopoa, iliacha desturi nyuma yake. Mwaka 1970 Harald Löe na Rindom Schiött wa Aarhus, Denmark, walionyesha kwamba kusukutua mara 2 kwa siku kwa dawa ya klorheksidini huzuia kabisa utando wa meno. Kinywa safi kikaja kuhesabiwa kuwa kinywa kilichouawa kila kilicho hai ndani yake.

Upande wa moyo, hadithi nyingine ilikuwa ikiendelea bila kujua kwamba ina ndugu. Mwaka 1879 daktari wa London, William Murrell, alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa wa maumivu ya kifua kwa nitrogliserini, kimiminika kile kile ambacho Alfred Nobel alikigeuza kuwa baruti kali ya kulipulia miamba. Murrell alianza kwa kujijaribu mwenyewe. Alikuwa na chupa ya dawa hiyo mfukoni, iliyochanganywa na kiasi kikubwa cha pombe, na alasiri moja akiwa anaona wagonjwa alikigusisha kizibo kilicholowa kwenye ulimi wake ili aionje. Akaingia mgonjwa, naye akasahau. Hakuwa amemaliza maswali machache alipohisi mapigo ya moyo yakimgonga kichwani kwa nguvu, hata kalamu aliyoishika ikawa inaruka kila pigo. Mishipa yake ya damu ilikuwa imetanuka ghafla. Nobel mwenyewe, wiki chache kabla ya kufa mwaka 1896, aliandika katika barua kwamba madaktari wamemwandikia nitrogliserini kwa ajili ya moyo wake, na kwamba wameipa jina lingine ili wauza dawa na watu wasiogope.

Dawa ilifanya kazi, lakini kwa miaka 100 hakuna aliyejua kwa nini. Jibu lilipatikana kidogo kidogo. Mwaka 1977 Ferid Murad alionyesha kwamba nitrogliserini hutoa oksidi ya nitriki. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Brooklyn aligundua kwamba ukuta wa ndani wa mshipa wa damu hutoa kitu kinachouamuru mshipa ulegee. Mwaka 1987 Salvador Moncada, mzaliwa wa Honduras aliyefanya kazi Uingereza, na Louis Ignarro wa Marekani, kila mmoja na kundi lake, walikitambua kitu hicho: ni oksidi ya nitriki. Hewa ambayo watu waliijua kama moshi wa magari na viwanda ilikuwa ikitengenezwa ndani ya kila mshipa wa binadamu, na bila hiyo mishipa hukaza na presha hupanda. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Moncada aliachwa nje, na wengi wanaoifahamu kazi yake wanaona hakutendewa haki.

Katika miaka hiyo yote, nitrati ya chakula ilikuwa kizimbani.

Kesi ilianzia visimani. Mwaka 1945 Hunter Comly, daktari wa watoto katika jimbo la Iowa, Marekani, aliandika juu ya watoto wachanga walioletwa wakiwa na rangi ya kijivu ya bluu, midomo na kucha vikiwa vimesawajika, ingawa mioyo na mapafu yao yalikuwa mazima. Walinyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji ya visima vifupi vilivyochimbwa karibu na mazizi. Maji hayo yalijaa nitrati. Tumboni mwa mtoto mchanga bakteria waliigeuza kuwa nitriti, nayo nitriti ikaiharibu damu isiweze kubeba oksijeni. Hofu hiyo ilikuwa ya haki na imeokoa maisha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 50 za nitrati kwa lita ya maji ya kunywa kinawalinda watoto wa chupa hadi leo, na mzazi anayetumia maji ya kisima kilicho karibu na choo, zizi au shamba lenye mbolea nyingi ana sababu ya kuyapimisha.

Shtaka la pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1956 Peter Magee na John Barnes wa Uingereza walionyesha kwamba kemikali ya jamii ya nitrosamini iliwapa panya saratani ya ini. Miaka michache baadaye kondoo wa Norway walikufa kwa ugonjwa wa ini baada ya kulishwa unga wa samaki uliohifadhiwa kwa nitriti, na nitrosamini hiyo hiyo ikakutwa ndani ya unga. Kuanzia hapo hoja ilionekana kujijenga yenyewe: nitrati huzaa nitriti, nitriti ikikutana na mabaki ya protini huzaa nitrosamini, na nitrosamini huleta saratani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa kimataifa walikwisha kuweka kiwango cha juu cha ulaji wa nitrati, miligramu 3.7 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni kama miligramu 260. Mchicha na spinachi huweza kubeba zaidi ya miligramu 2,000 kwa kilo, kwa hiyo sahani moja ya gramu 150 ilitosha kumpitisha mlaji juu ya mpaka uliowekwa kumlinda. Takribani asilimia 80 ya nitrati anayokula mtu hutoka kwenye mboga, na watu wanaokula mboga nyingi ndio hao hao ambao tafiti nyingi ziliwakuta na moyo wenye afya zaidi. Kulikuwa na kitu kisicholingana katika hesabu hizi, na kilichukua muda mrefu mno kuonekana.

Ishara zilikuwepo. Tangu mwaka 1916 mtafiti Mmarekani H. H. Mitchell alikuwa ameonyesha kwamba watu hutoa kwenye mkojo nitrati nyingi kuliko wanayokula, maana yake mwili wenyewe unaitengeneza. Matokeo hayo yalikaa karibu yamesahaulika hadi mwaka 1981, kundi la Steven Tannenbaum wa chuo cha MIT lilipoyathibitisha. Kisha mwaka 1985 David Forman na wenzake wa Oxford, akiwemo Richard Doll aliyeonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, walipima mate ya watu wa sehemu mbalimbali za Uingereza. Walitarajia nitrati iwe juu kule saratani ya tumbo ilikozidi. Walikuta kinyume: waliokuwa na nitrati na nitriti nyingi zaidi mateni ni wakazi wa sehemu zenye saratani chache.

Mate ndiyo yaliyokuwa kiini cha fumbo. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Marekani na Ujerumani walikwisha kuona njia nzima inayopitiwa na nitrati ya mboga. Mtu akila, nitrati huingia kwenye damu kupitia utumbo. Tezi za mate huichuja, zikachukua takribani robo ya yote, na kuirudisha kinywani ikiwa imekolea mara 10 au zaidi kuliko ilivyo kwenye damu. Nyuma ya ulimi, kule kwenye vishimo na mikunjo ambako mswaki haufiki na oksijeni ni haba, huishi bakteria wanaopumua nitrati badala ya hewa: Veillonella, Actinomyces, Rothia, Neisseria na wengineo. Wao huiacha ikiwa nitriti, na mtu huimeza pamoja na mate siku nzima, hata akiwa usingizini. Seli za binadamu zenyewe karibu hazina uwezo wa kuifanya kazi hiyo. Waliogundua njia hii waliitazama kwa wasiwasi, kwa kuwa waliona kiwanda cha sumu. Swali lililo wazi, yaani kwa nini mwili ujisumbue kuikusanya sumu na kuirudisha mdomoni badala ya kuitoa yote kwa mkojo, lilisubiri hadi mwaka 1994.

Mwaka huo majibu 2 yalitoka kwa wakati mmoja, Scotland na Sweden, kwa watu wasiofanya kazi pamoja. Nigel Benjamin na wenzake wa Aberdeen walieleza kwamba nitriti ya mate ikifika kwenye asidi ya tumbo hulipuka kuwa oksidi ya nitriki, na kwamba mchanganyiko huo huua vijidudu vinavyoingia na chakula. Jon Lundberg na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, waliwataka watu wacheue na kuipima hewa iliyotoka tumboni. Ilijaa oksidi ya nitriki. Waliopewa nitrati waliitoa kwa wingi zaidi, na waliopewa dawa ya kuzuia asidi karibu wasiitoe kabisa. Miaka michache tu baada ya dunia kujua kwamba mishipa hutengeneza gesi hiyo, ikajulikana kwamba kuna njia ya pili ya kuipata, inayoanzia shambani na kupita ulimini.

Ilibaki kuuliza kama njia hii inaigusa presha. Mwaka 2006 kundi la Karolinska liliwapa watu 17 wenye afya nitrati kwa siku 3, kiasi kinacholingana na sahani nzuri ya mboga za majani, na namba yao ya chini ya presha ikashuka kwa milimita 3.7 za zebaki. Mwaka 2008 Amrita Ahluwalia, Andrew Webb na wenzao wa London walitumia chakula chenyewe. Washiriki walikunywa nusu lita ya juisi ya bitiruti, iliyokuwa na nitrati takribani mara 5 ya kiwango cha siku cha mtu wa kilo 70. Ndani ya saa 3 namba ya juu ilishuka kwa takribani milimita 10. Kisha likaja jaribio linalostahili kukumbukwa kuliko yote katika historia hii. Baadhi yao walikunywa juisi ile ile, lakini kwa saa 3 hawakuruhusiwa kumeza mate. Kila mate yalipojaa, waliyatema kikombeni. Nitrati ilipanda kwenye damu yao kama kawaida, bali nitriti haikupanda, na presha haikushuka. Juisi ilikuwa imeingia mwilini. Kilichokosekana ni mate na wakazi wake.

Jaribio hilo lilikuwa limewaelekea pia wauzaji wa usafi wa kinywa. Mwaka 2013 kundi hilo hilo la London, likiongozwa na Vikas Kapil, liliwapa watu 19 wenye afya dawa ya kusukutua ya klorheksidini kwa siku 7. Hawakubadilisha kingine chochote. Nitriti ya mate ilipungua kwa asilimia 90, na presha ikapanda kwa milimita 2 hadi 3.5. Kwa mtu mmoja hicho ni kiasi kidogo. Kwa mamilioni ya watu wanaosukutua kila asubuhi na jioni bila ugonjwa wowote wa fizi, kupanda kwa kiasi hicho si jambo la kupuuzwa.

Mwaka 2015 Kapil na wenzake walitoa ushahidi wenye uzito zaidi. Wagonjwa 64 wa presha walikunywa robo lita ya juisi ya bitiruti kila siku kwa wiki 4. Nusu yao walipewa juisi yenye rangi na ladha ile ile, ila imeondolewa nitrati, na wao wenyewe hawakujua. Waliopata nitrati walishuka kwa karibu milimita 8 kwenye namba ya juu. Wengine hawakushuka.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, utafiti ulio karibu zaidi ulifanyika mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2020. Watu wasiofika 50 kwa idadi, wa umri wa kati na wazee, wenye presha iliyopanda, walipewa juisi ya bitiruti yenye nitrati kwa siku 60, baadhi yao pamoja na vidonge vya asidi ya foliki. Presha ya saa 24 ilishuka kwa takribani milimita 6 kwa waliokunywa juisi peke yake, na takribani 11 kwa waliopata vyote viwili. Waliopewa juisi isiyo na nitrati hawakuona badiliko la maana. Ni utafiti mdogo, uliopangwa kuona tu kama jambo hili linawezekana, lakini unawahusu watu wanaoishi mbali na kliniki za London, katika nchi ambayo wengi wenye presha hawajapimwa na waliopimwa si wote wanaoipata dawa kila mwezi.

Haifai kuigeuza bitiruti kuwa mganga. Mwaka 2015 huo huo, watafiti wa Perth, Australia, waliwapa juisi kwa wiki moja watu waliokwisha kuwa kwenye vidonge vya presha, na hawakuona ikishuka. Nyama za kopo na soseji zinazotiwa nitriti ziliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka huo pia, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kesi ya nitrosamini haikufutwa. Kosa la kihistoria lilikuwa kuihukumu mboga kwa makosa ya soseji. Jani la mchicha huja na vitamini C na kemikali nyingine zinazozuia nitrosamini kutengenezwa, na halina protini ya nyama iliyokaangwa kwa moto mkali. Chumvi ni ile ile, lakini mwenzi wake sahanini ndiye anayeamua mwisho wake, na wataalamu walipaswa kuliona hilo mapema kuliko walivyoliona.

Mchicha ni miongoni mwa mboga zenye nitrati nyingi zaidi zinazojulikana, na hauuzwi bei ya bitiruti. Nitrati huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo anayeuchemsha na kuyamwaga maji humwaga sehemu yake kubwa. Anayeukaanga upesi kwa kitunguu au kuupika na nazi hubaki nayo. Mboga iliyopikwa isilazwe mezani usiku kucha, kwa sababu bakteria wa sufuriani nao hugeuza nitrati kuwa nitriti. Mtoto mchanga asipewe maji ya mboga hizi. Mwenye mawe ya figo aulize daktari kwanza, kwani mchicha na bitiruti vina oksalati nyingi. Anayemeza vidonge vya presha asiviache kwa sababu ameanza kula majani. Na dawa kali ya kusukutua iliyoandikwa na daktari wa meno kwa wiki moja au mbili itumike kwa muda huo, kisha chupa ifungwe. Mswaki na dawa ya meno vinatosha kwa siku nyingine zote.